Mwonjaji wa Mwendo

Habari hii nilipewa na wifi yangu Nakundwa, mke wa kaka yangu Sechambo, mwaka uliofuata baada ya kumzika mama. Nilikuwa nimepanda kutoka Hedaru kusaidia mavuno ya tangawizi. Tulikaa kibarazani kwake tunazipangusa udongo, na vuli ya mwaka ule ilikuwa imeungana na masika hata hatukujua ipi imekwisha na ipi imeanza. Mimi niliolewa bondeni, kwa hiyo siku yenyewe sikuwepo. Lakini Nakundwa husimulia kwa mikono na miguu. Akifika mahali pa kutembea, anainuka anatembea. Kwa hiyo ni kama niliiona.

Ninyi mlio wadogo mmeyakuta magoti yakiwa yamekwisha nyamaza. Siku hizi toleo jipya linaingia mtu akiwa usingizini, anaamka analo, hajui lilikuja saa ngapi wala limebadilisha nini. Zamani hizo toleo lilikuwa linabisha hodi. Wajukuu zangu nikiwaambia hivi wanacheka, lakini mimi ile hodi naikumbuka kuliko vitu vingi.

Magoti yalikuwa vyuma viwili vyepesi, unavifunga kila mguu, vinaungana na mkanda wa kiunoni. Ndani mlikuwa na akili yake. Asubuhi unayaanika juani kama mahindi yashibe, na siku ya ukungu yanashiba kwa ule mteremko unaouteremka. Pale milimani kwetu Ikombo mtu wa umri wangu alikuwa anapanda na kikapu cha tangawizi mgongoni huku anaimba. Hapo nyuma mtu wa umri wangu alikuwa anakaa chini kungoja kuletewa.

Sasa, ile akili ya ndani haikukaa bila kubadilishwa. Kampuni ya mjini ilileta toleo jipya kila alfajiri. Walipokuja mara ya kwanza kutueleza mkutanoni, walijisifu sana kwa hilo, kwamba kila kunapokucha kuna jipya. Wazee wakasikiliza mpaka mwisho, halafu mmoja akauliza, "Nani ataonja?"

Watu wa kampuni wakacheka. Wakatazama huku na huku, wakaona wanacheka peke yao.

Kwetu dengelua, pombe yetu ya miwa, haiendi kinywani mwa mgeni kabla aliyeileta hajapiga fundo la kwanza mbele ya watu. Hata kama ni ndugu yako. Ndiyo adabu yake, na ndiyo usalama wake. Basi kampuni ikakubali. Kila ukingo wa mlima ukapewa mwonjaji, mmoja tu, wa kuvaa toleo alfajiri, atembee nalo, halafu atoe neno. Maneno yalikuwa mawili. Akisema haya, magoti yote ya ukingo ule yanalipokea papo hapo. Akisema bado, linarudi mjini kushonwa upya. Neno la tatu halikuwepo.

Ikombo wakamchagua Nakundwa. Si kwa sababu alijua mashine, hapana. Ni kwa sababu alikuwa mtu wa kukuambia mbele ya wageni wako kwamba mchuzi umezidi chumvi.

Ilikuwa raha, msidanganyike. Watu walikutana njiani hawaulizani tena umeamkaje, wanaulizana, "Umeamka toleo gani?" Na matoleo tuliyapa majina. Lilikuwepo Toleo la Mbuzi, lililokuwa linakurusha juu ya kila jiwe hata lisilohitaji kurukwa. Lilikuwepo la Bwana Harusi, ukilivaa unakwenda taratibu umetanua kifua, ukitumwa chumvi unarudi chakula kimekwisha liwa. Nakundwa aliyarudisha hayo yote. Mjini walimwita Mama Bado, na yeye alilipenda jina hilo.

Ila lilikuwepo toleo moja alilolisemea haya, la kawaida tu, halina kasoro aliyoiona. Masika yaliyotangulia siku ninayotaka kuwasimulia, Mzee Kajiru alilivaa hilo, akateleza kwenye kona ya Kwa Mbono, akaingia korongoni. Walimtoa amekwisha kata roho. Hakuna aliyemlaumu Nakundwa. Hata mjane, Mama Kajiru, hakusema neno. Lakini kuna lawama ambayo mtu hapewi na wengine.

*

Siku hiyo kulikucha na ukungu uliomeza hata banda la mbuzi lililokuwa mbele ya mlango. Nakundwa akafunga magoti, akakaza mkanda. Mkanda ukabisha hodi, akaitikia karibu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Naelijwa, binti wa kaka yake. Binti huyo alikuwa anafanya kazi kule kwenye kampuni, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kushona matoleo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umelala wewe?"

"Kidogo. Umeamka toleo gani?"

"La juzi. La jana si nililikataa? Lilikuwa na kwikwi."

"Najua. Hiyo kwikwi nimesemwa mpaka nikataka kufunga virago." Naelijwa akacheka. "Shangazi, la leo si kama mengine. La leo haliangushi mtu."

"Mnasemaga hivyo."

"Safari hii nasema mimi. Tumelijaribu kwenye matope, kwenye mawe, kwenye mteremko uliomwagiwa mafuta. Hata ukitaka kuanguka linakukatalia."

Nakundwa akakaa chini kwenye kizingiti. Nyumbani mwake mlikuwa na mtu aliyekwisha anguka mara mbili tangu msiba wa Mzee Kajiru, naye ni mumewe Sechambo. Nyonga yake ilikuwa imeachia, na daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba akianguka tena hatainuka.

"Mmefanyaje mpaka likawa hivyo?" akauliza.

"Zamani kila goti lilijifunza kwa mwenyewe. Ukichechemea, goti linajifunza kuchechemea nawe. Sasa tumechukua mwendo wa watu wote, wa milima yote, tumeumwaga pamoja tukauchekecha. Kila palipo na kosa tumetoa. Kilichobaki ni mwendo mmoja."

"Kama sembe."

"Kama sembe, Shangazi. Nyeupe pee."

"Na pumba?"

"Pumba tumetupa."

"Kuku wangu wangelia," akasema Nakundwa, akainuka kwenda kuonja.

Anasema mwendo ule ulikuwa mzuri. Hilo alilirudia kwangu mara nyingi, alitaka nilielewe, kwamba ulikuwa mzuri kweli. Miguu ilikwenda kama inajua njia kabla yake. Alipofika kona ya Kwa Mbono alikanyaga makusudi jiwe lenye utelezi, lile lile, na goti likamrudisha njiani taratibu kama mama anavyomrudisha mtoto mkekani.

Akiwa hapo akasikia mtu anapanda. Mguu wa kulia unapiga, wa kushoto unaburuta, unapiga, unaburuta. Mama Kajiru huyo.

Hapa niwaambie jambo la kwetu. Ukungu ukishuka hatuitani majina. Jina likiitwa ukunguni, wazee walisema, huitikiwa na asiyeitwa. Kwa hiyo mtu unasikiliza miguu. Unajua huyu ni fulani, anashuka na mzigo, unampisha upande wa mlima. Hata magoti yalipokuja haikubadilika, kwa sababu kila goti lilikuwa limejifunza kwa mwenyewe, likachechemea naye na kuburuta naye.

Nakundwa akasimama pembeni kupisha. Mama Kajiru naye akasimama. Wakawa wamesimama hivyo, huyu anamjua yule, yule hamjui huyu.

"Wewe uliye mbele," Mama Kajiru akasema mwisho, "u mtu au u kisiki?"

"Mtu."

"Mtu wa wapi mwenye miguu hiyo?"

"Wa hapa hapa, shoga. Acha maneno."

"Ee Bwana wangu! Ni wewe? Nani kakuazima miguu?" Mama Kajiru akamkaribia, akainama, akayagusa magoti ya Nakundwa kwa viganja. "Wanasema kuna lisiloangusha. Ndilo hili?"

"Ndilo."

"Limepita hapa? Kwenye jiwe hili?"

"Limepita. Nimelikanyaga kusudi."

Maji yalikuwa yanasikika chini korongoni. Mama Kajiru akajiinua, akakaza kanga yake.

"Basi unangoja nini?" akasema, akapita, unapiga, unaburuta.

*

Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Mchana aliuona kama sisi tunavyouona ukungu. Alikaa kwenye dirisha la chumba chake lililotazama njia, na kutwa nzima alikuwa anakamata watu kwa masikio. "Mwinjilisti, mbona leo unakimbia, umesahau mahubiri?" "Mama Kajiru, hicho kikapu kizito, kina nini?" Aliyeitwa jina hawezi kupita. Anasimama, anaegemea ukuta, anatoa habari, anachukua habari. Dirisha lile lilikuwa redio, ila redio inayosikiliza.

Wapo waliosema, si wangemsalimu tu wakipita? Wangemsalimu. Lakini mama hakutaka kusalimiwa kama mgonjwa. Alitaka awe wa kwanza kumjua mtu. Ndicho kitu alichobaki nacho ambacho wengine hawakumsaidia kukifanya.

Nakundwa akaingia uwanjani na miguu yake mipya. Mama akageuza uso.

"Karibu, mgeni. Wenyewe wapo kwa nyuma, lakini kaa kwanza. Maji ya kunywa yapo."

Nakundwa anasema alisimama pale pale kwenye matope. Uwanja ule aliuingia akiwa bibi harusi. Aliuingia na mimba, na kuni, na maji, na maiti ya mtoto wake mmoja. Hajawahi kuambiwa humo karibu mgeni.

"Mama, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Nakundwa."

"Nakundwa!" Mama akatoa kichwa dirishani. "Mbona umeingia na miguu ya mtu wa serikali? Nimetayarisha na sauti ya kuombea msamaha!"

Sechambo alikuwa kwenye kigoda karibu na jiko, amenyoosha mguu mbovu, anachagua mbegu za tangawizi. Akacheka kwa yale ya mama yake, halafu kicheko kikaisha haraka.

"Limekuwaje?" akauliza.

"Zuri."

"Kwa Mbono?"

"Limepita."

"Basi toa neno."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Nianguke mara ya tatu ndipo lizidi kuwa zuri?"

"Mama hakunitambua, Baba Eliapenda. Umesikia mwenyewe. Na kesho hatakutambua wewe, wala yeyote."

"Mama atazoea. Nyonga haizoei."

"Msinisengenye, nipo," mama akasema kutoka dirishani.

Mnamjua mwanamume wa Kipare akishapata kesi. Sechambo aliiweka tangawizi chini, akaanza tangu mwanzo. Akaeleza alivyoanguka mara ya kwanza, na alivyolala kule shambani akiita mpaka sauti ikakauka. Akaeleza mara ya pili. Akaeleza habari za Mzee Kajiru, ambazo Nakundwa alikuwa anazijua kuliko yeye. Akauliza kama mkewe anataka kuwa mjane au anataka kuwa Mama Bado. Akaanza kuyarudia yote kwa upande mwingine, kama vile hakimu alikuwa amesinzia.

Nakundwa akainua mikono miwili. "Haya, haya, Baba Eliapenda, nimesikia!"

Mkanda ukalia.

Kwa jirani goti likalia. Kule juu kanisani likalia jingine, na bondeni, na ng'ambo ya korongo, mpaka ukingo mzima ukawa unaitikiana kama vyura mvua ikikaribia.

"Asante, Shangazi!" Naelijwa akasema kwa furaha. "Limepokelewa lote!"

"Naelijwa! Sikusema!"

"Umesema haya, Shangazi. Umesema mara mbili."

"Nilikuwa namnyamazisha mume wangu!"

Upande wa pili zikasikika sauti za watu kule ofisini, mtu anacheka amejiziba mdomo, na mwingine anasema jamani, jamani.

"Lirudishe," Nakundwa akasema.

"Linarudi, ukisema bado. Lakini Shangazi, toleo ni kama mwiba. Kuingia linaingia mtu akitembea hata asijue. Kutoka ndiko kuna kazi. Magoti yatakufa ganzi kidogo, na watu wako njiani kwenye utelezi. Ngoja mpaka jua lizame, wote wawe wamekaa majumbani. Hapo ukisema bado nalitoa. Usiposema kitu, haya yako itabaki."

"Hamwezi kushona lisiloangusha na bado likamwachia mtu mwendo wake?"

"Tunaweza. Si leo. Labda masika yakiisha."

Masika yakiisha. Na masika ndiyo yenye utelezi.

Sechambo alikuwa amekwisha vaa magoti yake. Akasimama. Akapiga hatua ya kwanza kwa woga, ya pili bila woga, akazunguka jiko, akamzunguka mkewe. Uso wake, Nakundwa anasema, ulirudi kuwa ule wa kijana aliyemwona kwa mara ya kwanza gulioni amebeba beberu mabegani.

"Nakwenda shamba," akasema, akatoka.

*

Mchana ukungu ulifunguka, na Ikombo ikatembea. Mwinjilisti Mrutu alionekana akipanda njia ya kanisani kwa haraka, anashuka, anapanda tena, hana anachokifuata. Wanawake waliokuwa wanashuka kwa kujishikilia kwenye majani walishuka mikono kiunoni. Walipopita uwanjani wakamtania Nakundwa, kwa maana habari ilikuwa imekwisha enea.

"Mama Haya! Hodi kwa Mama Haya!"

"Siku zote tulikuwa tunakuona mwanamke mwenye haya, hatukujua una mbili!"

"Mume wako tumletee ng'ombe, ndiye aliyetuvusha!"

Nakundwa akacheka nao. Kisha akamwona Mama Kajiru. Alikuwa amesimama peke yake kwenye kona ya Kwa Mbono, ambayo kutoka kibarazani inaonekana vizuri ukungu ukiondoka. Akaanza kuteremka korongoni. Pale hapateremkwi. Hata vijana waliomtoa mumewe walitumia kamba. Aliteremka hatua kwa hatua bila kuburuta mguu, mpaka chini kwenye maji, mahali ambapo tangu masika yale alikuwa anapatazama kutoka juu tu. Akakaa huko muda mrefu. Halafu akapanda.

Wakati huo huo mama alikuwa kwenye dirisha lake.

"Mama Kajiru, umetoka wapi?" aliita.

"Si Mama Kajiru, Bibi, ni Mrutu."

"Aa. Nisamehe, Mwinjilisti."

Miguu mingine ikaja. Akaiacha ikakaribia sana, akasikiliza. "Mwinjilisti, umerudi?"

"Hapana, Bibi, ni mimi, Nambike. Shikamoo."

"Marahaba."

Ya tatu hakuiita. Wala ya nne. Watu walipita wakiwa na furaha zao na mwendo wao mmoja, kila mmoja akidhani Bibi amelala. Nakundwa akasikia kibao cha dirisha kinafungwa kwa ndani, mchana, kitu ambacho hakijawahi kutokea akiwa mke wa nyumba ile.

Akamfuata chumbani. Mama alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Limepita jeshi," mama akasema.

"Mama, nina swali. Jua halijazama. Nikisema bado, linatoka, watu wanarudishiwa miguu yao, na wewe unarudishiwa watu wako. Lakini Sechambo naye anarudishiwa nyonga yake. Nisiposema, ni hivi hivi mpaka masika yaishe, au zaidi. Unataka nifanyeje?"

Mama akageuza uso kwake, na Nakundwa anasema ilikuwa mara ya kwanza kuogopa yale macho meupe.

"Usiniulize mimi," mama akasema. "Nani anamuuliza mama swali kama hilo? Nitasema nini? Kwamba mwanangu avunjike ili mimi nipate mazungumzo? Au kwamba nikae humu kama nimekwisha zikwa? Ukiniuliza nitakuambia nataka vyote viwili, na nitalia, na mimi sitaki kulia leo. Wewe ndiye waliyekupa kuonja. Onja."

Nakundwa akatoka kibarazani. Aliniambia kishawishi kikubwa kilikuwa kukaa kimya tu mpaka giza. Angebaki na la kusema maisha yake yote: mimi sikuchagua, ulimi uliteleza, mume wangu ana kelele. Watu wangecheka, yangekwisha. Lakini alimkumbuka Mzee Kajiru. Lile toleo la Mzee Kajiru alilisema kwa kinywa chake, akijua anachosema, na uzito wake ameubeba. Akaona si haki hili, lenye kuokoa na kuumiza kwa pamoja, lisiwe na mtu wa kulibeba.

Jua lilikuwa limegusa mlima wa pili. Akabonyeza mkanda.

"Naelijwa."

"Abee, Shangazi."

"Haya. Safari hii nakuambia wewe. Simnyamazishi mtu."

"Nimesikia, Shangazi."

"Na hilo la masika yakiisha mlishone kweli."

"Nitalishona kwa mikono yangu."

Na alilishona. Toleo hilo lilikuja, lakini halikuja masika yakiisha. Kampuni ilikuwa na mengi, jipya juu ya jipya kila alfajiri. Lilikuja mama akiwa amekwisha lala kwenye udongo. Tuliambiwa kila mtu atembee mwendo wake mwenyewe kuzunguka uwanja wa kanisa ili goti lake lijifunze. Mimi nilikuwepo siku hiyo, nimekuja na magoti yangu. Watu wazima walisimama pale wanatazamana. Mama Kajiru alijaribu kuburuta mguu, akacheka, akasema hakumbuki ulikuwa upi.

*

Jioni ile mawingu yalirudi, mvua ikaanza kudondoka kubwa kubwa. Nakundwa alimpelekea mama makande. Mama akasema hana njaa, akajilaza, uso ukutani.

Sechambo akaja kutoka shamba. Nakundwa alimwona kwenye njia, hakumsikia kuwa ni yeye. Alikuwa amebeba kikapu kilichojaa, ameloa, anatabasamu. Akafika penye mawe ya kuingilia uwanjani, akaona kibao cha dirisha la mama yake kimefungwa.

Akasimama. Akatazama kibao kile, akamtazama mkewe. Akatua kikapu. Akakaa juu ya jiwe, akaanza kulegeza mkanda.

"Unafanya nini?" Nakundwa akasema kwa sauti ya chini. "Uwanja wote ni matope!"

"Nyamaza wewe, usije ukasema haya tena."

"Sechambo, nakuomba."

"Nifuate kwa nyuma, basi, lakini usinisaidie. Ukinisaidia atasikia wawili."

Akayaweka magoti juu ya kikapu. Akainuka kwa kushika ukuta wa banda la mbuzi, akauachia, akaanza kuuvuka uwanja kwa miguu yake mwenyewe. Aliutupa mguu mzima mbele, akaukokota mwingine ukichora matope, akapumzika huku anahema. Akautupa tena. Nakundwa alimfuata ametanua mikono pande zote mbili, kama mtu anayemvizia kuku, hamgusi. Kutoka kwenye mawe mpaka mlangoni si mbali, mtoto anakimbia bila kuvuta pumzi. Wao wawili walifika mvua imewaloanisha mpaka ndani. Katikati ya uwanja mguu uliteleza, Sechambo akayumba, Nakundwa akafumba macho. Alipoyafumbua mumewe alikuwa bado amesimama, ameuma meno.

Ndani kitanda kikalia.

"Sechambo," mama akasema kwa sauti ya kugomba, "mvua yote hii ulikuwa unangoja nini huko? Ingia, ukae na moto. Na mwambie mkeo asimame vizuri huko nyuma yako, anatembea kama mwizi."

Nakundwa akashindwa kucheka, akashindwa kulia. Sechambo akaingia, akakaa kando ya kitanda cha mama yake, akampa bakuli la makande mkononi. Mama akala. Huku anakula alimuuliza habari za shamba, tangawizi ya upande wa juu, ukuta wa jirani, na Sechambo akajibu kila kitu, mguu ameunyoosha kwenye joto. Mama akamaliza, akasema kesho dirisha lifunguliwe mapema, na kila anayetaka kuzungumza naye avue hayo madude pale kwenye mawe kama anavyovua viatu, asiyetaka apite na safari yake njema. Akajilaza tena, safari hii uso ukiwa upande wa watu. Alilala kabla Sechambo hajamaliza kueleza habari za mbolea.

Sechambo naye kichwa kikaanza kuanguka kifuani. Nakundwa akamtilia mto nyuma ya shingo, akamwacha hapo hapo.

Akatoka akayachukua magoti ya mumewe mvuani, akavua na yake, akayapangusa yote manne kwa kanga kuukuu, akayalaza karibu na jiko. Akakaa kwenye kigoda akiegemeza mgongo ukutani. Alisema atafumba macho kidogo tu, mpaka mvua ipungue. Haikupungua, wala yeye hakujua.